Bomu likilipuka anaulizwa mgeni

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako. Najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba mniachie, hata kama itabidi muigawe mara mbili. Nimekuwa nafuatilia ukurasa wa barua za wasomaji kwa muda mrefu sasa na kuna kitu nishakizoea, likitokea shambulio popote pale duniani basi wiki hiyo hiyo zinaanza kumiminika barua za kusema wafunge mipaka, wawarudishe makwao, hao wakimbizi ndo wanaoleta haya mambo. Wengine wanaandika kwa adabu na wengine kwa hasira, ila ukiondoa maneno ya heshima utakuta wote wanasema kitu kimoja, kwamba mhamiaji na gaidi ni ndugu wa damu.

Sitaki kuwatukana hao wenzangu manake na mimi nimo. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimekaa uwanja wa ndege, ndege imechelewa, pembeni yangu kakaa jamaa mwenye ndevu mpaka kifuani na begi jeusi kubwa. Akanigeukia akaniomba nimwangalizie begi aende msalani mara moja. Nikasema haya, hamna shida, kwa aibu tu ya kukataa. Jamani zile dakika 5 sijazisahau mpaka leo. Nilikuwa naliangalia lile begi kama naliona linahesabu, nikasogea siti mbili, nikawaza nimuite askari, nikasema nikimuita na ikawa hamna kitu nitaweka wapi sura yangu, nikabaki hapo jasho linatoka na kiyoyozi kinapuliza. Jamaa akarudi kabeba mtoto mchanga analia, mkewe yuko nyuma, akafungua begi likamwaga nepi mpaka sakafuni. Akanishukuru kweli kweli. Mimi nikawa namsaidia kuokota nepi huku najiuliza nani kaniwekea kichwani hiki nilichokuwa nakiwaza, manake sijawahi kudhuriwa na mtu anayefanana na yule hata siku moja. Nilichokuwa nacho ni picha za tivii tu.

Sasa nianze na mtu mmoja ambaye huwa simsikii kwenye hizi barua. Anaitwa Lassana Bathily. Mzaliwa wa Mali, aliingia Ufaransa 2006 akiwa kijana wa miaka 16, akakaa muda bila karatasi, baadaye akapata kazi kwenye supamaketi ya Kiyahudi pale Porte de Vincennes, Paris. Bathily ni Muislamu. Ijumaa ya tarehe 9 Januari 2015, siku mbili baada ya wale ndugu wawili kuua watu kwenye ofisi za jarida la Charlie Hebdo, mtu mmoja aitwaye Amedy Coulibaly akaingia hiyo supamaketi na bunduki. Bathily alikuwa chini kwenye stoo, akasikia milio, mara wateja wanashuka ngazi wanakimbia hawajui waende wapi. Akawafungulia chumba cha kugandishia vyakula, akazima mashine ya baridi, akazima taa, akawaambia watulie wasipige kelele. Halafu yeye akapanda lifti ya mizigo akatokea nje kwenda kutafuta msaada.

Nje wako polisi. Wanaona kijana mweusi katoka ndani ya jengo lenye gaidi. Wakamlaza chini wakampiga pingu, akakaa nazo kama saa moja na nusu wakidhani ni mwenzake Coulibaly, mpaka walipojiridhisha anasema kweli ndo akawachorea ramani ya duka lilivyo ndani ili wajue wanaingilia wapi. Watu 4 waliuawa mle ndani siku ile, ila wale wa kwenye baridi walitoka hai. Tarehe 20 mwezi huo huo serikali ikampa uraia.

Angalia vizuri hapo mhariri. Coulibaly naye wazazi wake walitoka Mali, ila yeye mwenyewe kazaliwa Ufaransa, kasoma Ufaransa, jela kafungwa Ufaransa. Huyu aliyezaliwa pale ndo aliua na yule aliyekuja juzi bila karatasi ndo aliokoa, na anayepigwa pingu kwanza ni mwokoaji. Siwalaumu sana wale polisi, saa ile ya risasi kila mtu anaogopa na kukosea ni rahisi. Nachosema mimi ni kwamba sisi tuliokaa kwenye makochi yetu tunasoma gazeti hatuna risasi inayotufuata lakini tunafanya kosa lile lile, na wenzetu walikosea kwa saa moja na nusu ila sisi tunaendelea nalo miaka 20 na kitu.

Mwaka huo huo wa 2015 ukiufuata vizuri unakufundisha jinsi mioyo ya watu inavyogeuka. Tarehe 2 Septemba mtoto wa Kisyria alikutwa amekufa kwenye ufukwe wa Uturuki, kalala kifudifudi, fulana nyekundu, viatu bado viko miguuni. Hiyo picha kila mtu aliiona. Ndani ya siku chache watu wamesimama kwenye stesheni ya treni ya Munich wanawapigia makofi wakimbizi wanaposhuka, wanawapa watoto midoli na maji, na Merkel, kansela wa Ujerumani wakati ule, kabla hata ya picha hiyo alishasema Ujerumani italimudu hili jambo. Haya, zihesabu wiki 10 kutoka hapo. Tarehe 13 Novemba Paris ikashambuliwa, watu 130 wakauawa, na nje ya uwanja wa mpira karibu na mwili wa mlipuaji ikaokotwa paspoti ya Syria. Yaani picha moja ilifungua mlango na paspoti moja ikaufunga. Kesho yake tu aliyekuwa anaingia kuwa waziri wa masuala ya Ulaya kule Poland akasema baada ya Paris haoni wataupokeaje mgao wao wa wakimbizi uliopangwa na Umoja wa Ulaya, na wiki hiyo zaidi ya nusu ya magavana wa Marekani wakatangaza hawataki Wasyria kwenye majimbo yao, wakati kisheria gavana hana hata hiyo nguvu ya kuchagua.

Na ile paspoti yenyewe ilikuwa feki. Mwenye nayo kweli alipita kisiwa cha Leros huko Ugiriki kajichanganya na wakimbizi, hilo sitalificha, ila wengi wa waliofanya shambulio lile walikuwa raia wa Ufaransa na Ubelgiji, vijana waliokulia mitaa ya kule kule, wakaenda Syria kupigana wakarudi. Mimi hapo huwa najiuliza swali dogo, gaidi anayejua atajilipua anabeba paspoti ya kazi gani? Wapo waliosema iliachwa makusudi ili iokotwe. Sijui na siwezi kuapa, ila kama lengo lilikuwa kuwafanya watu wa Ulaya wawaogope wakimbizi basi ile karatasi ya uongo ilifanya kazi kubwa kuliko baruti. La ajabu ni kwamba Ufaransa yenyewe iliyopigwa, rais wao Hollande alisimama siku 5 baadaye akasema wale wakimbizi 30,000 walioahidi kuwapokea kwa miaka miwili watawapokea tu.

Najua kuna msomaji hapo ananiambia mbona unaruka yale ya kweli. Siruki. Berlin, Desemba 19, 2016, lori liliingizwa kwenye soko la Krismasi watu 12 wakafa siku ile, na aliyeliendesha, Anis Amri, alikuwa Mtunisia aliyeomba hifadhi akanyimwa. Stockholm Aprili 2017, lori tena, watu 5, na huyo naye muomba hifadhi aliyekataliwa kutoka Uzbekistan. Haya yametokea na anayesema hayapo anawapa kazi rahisi wanasiasa wa chuki, manake watamuonyesha picha ya lori wamemaliza mjadala.

Ila hebu tuliangalie hilo la Amri kwa karibu manake ndo linalotajwa sana. Huyu mtu alifika Italia 2011 kwa boti, akafungwa jela kule miaka 4, akaingia Ujerumani Julai 2015, yaani kabla Merkel hajatamka yale maneno yake anayolaumiwa nayo mpaka kesho. Akajiandikisha kwa majina zaidi ya 10. Polisi walikuwa wanamjua, walimfuatilia, wakaacha. Maombi yake yakakataliwa Juni 2016 ila kumrudisha ikashindikana kwa sababu Tunisia walikuwa hawajatuma karatasi za kuthibitisha ni mtu wao. Zile karatasi zilifika siku mbili baada ya lori. Siku mbili! Sasa nambie hapo ukarimu umekosea wapi, mimi naona ofisi tu, faili la huku halisomani na faili la kule, kitu ambacho kila mtu aliyewahi kufuatilia karatasi yake serikalini anakijua. Kurekebisha hilo unahitaji makarani na kompyuta zinazoongea, ukuta hausaidii. Ila mwanasiasa akisimama jukwaani kuahidi makarani zaidi nani atampigia makofi. Septemba iliyofuata, 2017, chama cha AfD kinachopinga wahamiaji kikaingia bunge la Ujerumani kwa mara ya kwanza na asilimia 12.6 za kura, na hakikuwa kinaahidi makarani.

Turudi nyuma kidogo kwa baba wa haya yote, Septemba 11, 2001. Watekaji 19, waliouawa karibu 3,000. Wale 19 wote waliingia Marekani kwa viza, wengi za utalii, hakuna hata mmoja aliyekuwa mkimbizi. 15 Wasaudi, wawili wa Falme za Kiarabu, Mmisri mmoja, Mlebanoni mmoja. Sasa ukitaka kujua hofu inavyofanya kazi angalia nani alilipia. Wakimbizi waliopokelewa Marekani mwaka wa fedha wa 2001 walikuwa karibu 70,000, mwaka uliofuata wakashuka mpaka kama 27,000. Watu walikuwa kambini wana miaka wanasubiri, washahojiwa mara 3 mara 4, wakaambiwa rudini mkasubiri tena kwa kosa la watu walioingia na viza za matembezi. Na siku 4 tu baada ya shambulio, Mesa kule Arizona, kalasinga mmoja mwenye kituo cha mafuta alipigwa risasi akafa, kisa kilemba. Sio Muislamu, sio Mwarabu, hana hata undugu wa mbali na hao jamaa. Muuaji alikuwa anataka kulipiza, na kilemba kilimtosha.

Halafu 2002 Marekani wakaanzisha mpango wa kuwaandikisha wanaume wa kigeni kutoka nchi 25, karibu zote za Waislamu, kwamba uende mwenyewe ofisi ya uhamiaji upigwe picha uchukuliwe alama za vidole uhojiwe. Waliojiandikisha ndani ya nchi walikuwa zaidi ya 80,000, watu waliotii sheria wakapanga foleni kwa miguu yao. Zaidi ya 13,000 katika hao wakaishia kufunguliwa kesi za kufukuzwa nchini, mara nyingi kwa makosa ya tarehe za viza. Waliopatikana na hatia ya ugaidi kupitia mpango ule ni sifuri. Hapa huwa nacheka kwa uchungu, manake gaidi gani atakuja kupanga foleni akupe vidole vyake?

Mwaka 2017 Trump akasaini amri ya kuzuia watu wa nchi 7, Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen, na ndani ya ile amri yenyewe wameitaja Septemba 11 kama sababu, wakati hakuna hata mtekaji mmoja aliyetoka kwenye hizo 7. Nikasema labda ni bahati mbaya. Juni 2025 mtu mmoja kutoka Misri akawashambulia waandamanaji kwa moto pale Boulder, Colorado, siku 3 baadaye likatoka zuio jipya la nchi 12 na rais kwenye video analitaja tukio la Boulder kabisa. Tafuta Misri kwenye ile orodha, haimo. Somalia imo, Haiti imo. Sasa mtu wa Haiti na Boulder wapi na wapi?

Kuna mtafiti wa taasisi ya Cato huko huko Marekani, Alex Nowrasteh, alikaa akapiga hesabu za kuanzia 1975 mpaka 2015, akapata kwamba uwezekano wa Mmarekani kuuawa na mkimbizi kwenye shambulio la kigaidi ndani ya mwaka mmoja ni 1 kati ya bilioni 3.64. Nimeiweka hapa kwa sababu ni vizuri mtu aijue, ila sijidanganyi kwamba itabadilisha kitu. Mtu kaona damu kwenye simu yake asubuhi halafu mchana unamletea desimali, hazimfikii. Hofu haijui hesabu, na mimi wa nepi ni shahidi.

Kitu kingine, nani hasa anaitwa mgeni. Julai 22, 2011 bomu lililipuka Oslo halafu watu wakauawa kwa risasi kisiwa cha Utøya, jumla 77, wengi vijana wadogo. Saa za mwanzo wachambuzi wako tivii wanataja Al-Qaeda kwa kujiamini kabisa. Jioni ikajulikana ni Mnorwei, mweupe, Breivik, na alichokuwa anachukia ni wahamiaji na chama kinachowapokea. Nani alisema tuwafungie Wanorwei mipaka? Halafu Machi 15, 2019 Christchurch, New Zealand, watu 51 wakauawa misikitini wakiwa kwenye swala ya Ijumaa, wengi wao wahamiaji na wakimbizi waliokimbia vita makwao, na muuaji alikuwa raia wa Australia. Yaani mgeni pale New Zealand alikuwa yeye! Mhamiaji kabisa. Sikuona barua hata moja ya kutaka Waaustralia wazuiwe, na New Zealand wenyewe hawakugusa viza za majirani zao, waligusa bunduki, haukupita mwezi bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku zile za kivita kwa kura 119 dhidi ya 1. Ile methali ya samaki mmoja akioza tunaitumia kwa watu fulani tu, akioza wa kwetu tunamtupa huyo huyo mmoja tunaendelea na wengine.

Sasa wapo wanaosema hiyo ni hulka ya binadamu, bomu likilipuka lazima watu wachukie wageni, ni kama mvua na tope. Mimi nakataa, na ushahidi ninao. Mwanasosholojia mmoja, Joscha Legewie, alichapisha utafiti 2013 wa kitu kilichotokea kwa bahati tu. Oktoba 12, 2002 mabomu yalilipuka Bali, Indonesia, yakaua watu 202, na siku zile kule Ulaya kulikuwa kunaendelea zoezi kubwa la kuwahoji wananchi wa nchi nyingi mambo mbalimbali likiwemo la wahamiaji. Kwa hiyo akawa na watu waliohojiwa kabla ya bomu na waliohojiwa baada, maswali yale yale. Kama ni mvua na tope basi wote wangechafuka. Haikuwa hivyo, kuna nchi maoni yalibadilika kweli dhidi ya wahamiaji na kuna nchi bomu lilipita kama halikutokea. Kilicholeta tofauti ni vitu viwili vya kawaida sana, watu kuzoeana na wahamiaji ana kwa ana, na hali ya ajira pale wanapoishi. Penye watu wasio na kazi na wasiomjua mgeni yeyote kwa jina, hofu inashika haraka. Penye mtu ambaye fundi wake ni mhamiaji, nesi wa mama yake ni mhamiaji, inateleza. Mimi hii naielewa bila hata ya chati, ukishamjua mtu mpaka unajua anakoroma hawezi tena kuwa picha ya tivii.

Na Hispania je? Machi 11, 2004 treni za Madrid zililipuliwa asubuhi watu wanaenda kazini, zaidi ya 190 wakafa, na waliofanya wengi walikuwa wahamiaji kutoka Morocco, hapo hamna cha kubishana. Uchaguzi ulikuwa siku 3 mbele. Kama kuna mahali chuki ilipewa kila kitu ni pale. Ila watu waliikasirikia serikali yao, iliyong'ang'ania kwamba ni kazi ya ETA, kundi la Wabaski waliotaka kujitenga na Hispania, wakati ushahidi unaelekea kwingine, wakaitoa madarakani. Kwenye zile treni waliokufa nao walikuwa wa mataifa mengi, Waromania, Waekwado, vibarua waliodamka mapema kama kila mtu, na serikali ikawapa karatasi wahanga wa kigeni na familia zao. Mwaka uliofuata, 2005, Hispania ikahalalisha wahamiaji zaidi ya laki 5 waliokuwa wanafanya kazi bila vibali. Mwaka mmoja tu baada ya bomu! Hii habari ningetamani kila mwandishi wa zile barua aisome mara mbili.

Tuje Afrika manake na huku yapo. Uganda ilipigwa Julai 11, 2010, watu wanaangalia fainali ya Kombe la Dunia, zaidi ya 70 wakauawa Kampala na Al-Shabaab wakasema ni sisi. Uganda haikufunga milango yake, na leo hakuna nchi ya Afrika inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko wao, wamevuka milioni moja na nusu. Kenya walichukua njia nyingine. Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2013 na mashambulizi yaliyofuata, Aprili 2014 ukafanyika msako na watu kama 4,000, wengi Wasomali, wakazolewa na kundi kubwa likawekwa kwenye uwanja wa mpira wa Kasarani, wakiwemo Wakenya wenye vitambulisho vyao mfukoni. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2, 2015, chuo kikuu cha Garissa kikashambuliwa, watu 148 wakauawa, na ndani ya siku 10 serikali ikawapa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, miezi 3 kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Na mmoja wa washambuliaji wa Garissa akatambuliwa kuwa ni Mkenya, aliyesoma sheria chuo kikuu Nairobi, mtoto wa chifu wa serikali. Baba mtu alikuwa ameshatoa taarifa kwamba mwanae haonekani. Dadaab haikufungwa, Mahakama Kuu ilizuia mwaka 2017, ila mtu aliyezaliwa mle kambini tangu ilipofunguliwa 1991 kaishi miaka yote hiyo akisikia yeye ndo bomu lenyewe, wakati wazazi wake walikimbia vita na wenzake wanaofika kila siku wanawakimbia hao hao Al-Shabaab.

Hilo la mwisho ndo huwa linaniuma zaidi. Ugaidi unaua wapi hasa? Mwaka 2024 zaidi ya nusu ya vifo vyake vilikuwa ukanda wa Sahel, Burkina Faso, Mali, Niger. Huko watu zaidi ya milioni 2 wa Burkina Faso peke yake wameacha nyumba zao. Yule anayebisha hodi mpakani mara nyingi ni yule aliyekwisha kuona kwa macho kile ambacho sisi tunakiogopa kwenye tivii, na sisi tunamuangalia kama ndo kakileta begini.

Sasa mhariri, hapa nakuja kwako wewe na wenzako, usinune. Kama sio bomu lenyewe linalogeuza watu, basi ni zile saa 24 za kwanza na anayeongea ndani yake. Anayeongea ni mwanasiasa, ni mitandao, na ni nyinyi. Chukua Southport, Uingereza, Julai 2024, watoto wa kike watatu waliuawa kwa kisu kwenye darasa la dansi. Hata halikutangazwa kuwa ugaidi. Masaa machache mtandaoni likaenea jina la kubuni, kwamba muuaji ni muomba hifadhi aliyekuja kwa boti. Polisi wakasema jina sio hilo na kijana kazaliwa Cardiff. Nani anasikiliza, jioni ya pili msikiti wa pale umeshapigwa mawe, na kabla wiki haijaisha kundi la watu linajaribu kuichoma moto hoteli ya waomba hifadhi Rotherham watu wakiwa ndani. Uongo ulihitaji posti moja.

Na nyie mnavyoandika kichwa cha habari nimekifuatilia. Akikamatwa mgeni uraia wake unakuwa neno la kwanza kabisa kwenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa, akikamatwa mwenyeji anakuwa "mtu mmoja" au "kijana aliyechanganyikiwa". Mgeni anakuwa gaidi kabla ya saa sita mchana, mwenyeji anatafutiwa daktari. Sikuombi ufiche uraia wa mtu, nikisema hivyo utaniona nataka kuficha ukweli na wasomaji wakigundua watazidi kuamini kuna njama. Naomba tu usubiri ujulikane, na ukishakosea rekebisha ukubwa ule ule, ukurasa ule ule.

Nakukumbusha Berlin tena, lile lile lori. Kabla ya Amri kujulikana polisi walimkamata kijana wa Kipakistani, muomba hifadhi, walimkuta anatembea mbali na eneo la tukio. Usiku ule ule dunia nzima ilijua ni Mpakistani, mkimbizi, wanasiasa wakaanza kumwaga maneno hata maiti hazijaondolewa. Kesho yake jioni akaachiwa, hana hatia yoyote. Wakati huo muuaji mwenyewe alikuwa ametoroka na ikamchukua siku 4 kuuawa na polisi karibu na Milan. Habari ya kukamatwa kwa yule kijana niliisoma kwenye gazeti lako, ukurasa wa kwanza. Ya kuachiwa nimeitafuta kwenye makala zenu za zamani wiki nzima iliyopita, sijaiona, ila kama ipo naomba nitumie tarehe yake.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.